Askofu Muge Alikwenda Busia

Jumapili iliyopita tulijifunza jinsi nabii Nathani alivyoingia kwa Mfalme Daudi akamwonyesha dhambi yake (2 Samweli 12). Baada ya ibada vijana waliniuliza kama watu wa namna hiyo bado wanapatikana. Leo nawaletea mmoja wa huku kwetu Bonde la Ufa, Askofu Alexander Kipsang Muge.

Muge alikuwa Mnandi. Kabla ya kuingia katika utumishi alikuwa askari wa GSU, kwa hivyo nguvu za serikali alizijua kutoka ndani. Mwaka 1983, Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Anglikana ilipokatwa kutoka ile ya Nakuru, yeye ndiye aliyekuwa askofu wake wa kwanza.

Enzi hizo ni KANU peke yake. Mtu akisema vibaya, anatiwa kizuizini bila kesi. Lakini Muge alipinga kura ya mlolongo, ile ya watu kupanga foleni nyuma ya mgombea kila mtu akiona. Alikemea unyakuzi wa ardhi. Njaa ilipoua watu Pokot Magharibi, alisema wazi, ingawa wakubwa walikana.

Sasa fikirini jambo hili. Rais Moi alikuwa Mkalenjini kama yeye. Kukemea watu wa mbali ni rahisi, hata nyumbani utapigiwa makofi. Ukikemea wa kwenu, unaitwa msaliti. Hata Nathani hakutumwa kwa Wafilisti. Alitumwa kwa mfalme wake mwenyewe.

Agosti 1990, wiki tano hivi baada ya Saba Saba, waziri mmoja, Peter Okondo, alimwonya Muge pamoja na Askofu Henry Okullu kwamba wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Tarehe 14 Agosti Muge alikwenda Busia. Alihubiri, akasalimia watu, akaanza safari ya kurudi. Huko Kipkaren gari lake likagongana na lori la maziwa. Eldoret hakufika.

Waziri alijiuzulu. Dereva wa lori alifungwa. Mpaka leo Wakenya wengi hawajakubali kwamba ile ilikuwa ajali tu.

Mimi nina sababu yangu ya kumkumbuka. Januari 2008, Nakuru ilipokuwa ikiwaka, niliketi katika nyumba moja na wazee wa kabila langu. Walikuwa wakipanga jinsi ya kuhamisha majirani kwa nguvu. Biblia nilikuwa nayo mkononi. Nikamaliza chai yangu, nikaaga, nikaenda zangu. Kesho yake nyumba ya jirani aliyezoea kuniazima jembe ilikuwa majivu. Sikushika kiberiti, wapendwa, lakini sikusema neno. Nimetubu, na Mungu ni mwaminifu, ila ile chai bado naikumbuka.

Si kila mmoja wetu ataitwa kusimama mbele ya waziri. Busia yako inaweza kuwa kikao cha ukoo, chama cha akina mama, au kikundi cha simu ambapo watu wa kabila lingine wanatukanwa. Wiki hii, hapo ulipozoea kunyamaza kwa sababu ni watu wako, omba kwanza, halafu sema. Bwana atakuwa pamoja nawe. Amina.