Galen, tabibu aliyetibu vidole kupitia mgongo

Kidole kikifa ganzi, wengi wetu hukichua kidole chenyewe. Ndivyo walivyofanya matabibu wa Roma, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, kwa msomi mmoja wa Syria, Pausanias. Walipaka vidole vyake dawa, wapi! Galen yeye alimhoji kwanza, akagundua kuwa aliwahi kuanguka kutoka kwenye gari la kukokotwa na kujigonga mgongo, karibu na shingo. Akahamishia matibabu hapo, na vidole vikapona.

Galen alizaliwa mwaka 129 huko Pergamo, leo Bergama nchini Uturuki. Mwaka 157 alipewa kazi ya kutibu wapiganaji wa viwanjani, na majeraha yao yalimfunza mengi. Baadaye alikuwa tabibu wa Kaizari Marcus Aurelius.

Alizihesabu pingili za mgongo: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Hesabu hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo. Kisha akakata uboho wa mgongo wa wanyama wakiwa hai (ukatili, ndiyo). Ukikatwa juu kabisa shingoni, mnyama aliacha kupumua; ukikatwa chini zaidi, alipooza kuanzia hapo kwenda chini. Kwa hiyo aliyeanguka mnazini au kwenye bodaboda tusimnyanyue wala kumkalisha: pingili iliyovunjika yaweza kuujeruhi uboho. Abaki amelala, kichwa na shingo visitikisike, hadi wahudumu wa afya wafike.

Hata hivyo Galen alipasua nyani, si watu, akakosea mengi. Makosa hayo yalifundishwa karne nyingi, hadi Andreas Vesalius alipoyasahihisha kitabuni mwaka 1543.