Daniel Salmon: Jina la bosi, jasho la kijana

Ukisikia Salmonella, pengine unawaza samaki wa mkebe. Wapi! Hilo ni jina la mtu: Daktari Daniel Elmer Salmon wa Marekani. Bakteria wenye jina lake ndio huleta taifodi kwa watu, na wenzao wa jamii hiyo huharisha farasi wachanga, wengine hadi kufa.

Salmon alizaliwa 1850 jimboni New Jersey. Alibaki yatima kabla ya kufikisha miaka kumi, akalelewa na jamaa yake, akilima na kuuza dukani. Mwaka wa 1876, Chuo Kikuu cha Cornell kilimpa digrii ya Daktari wa Tiba ya Mifugo, wa kwanza kuipata Marekani.

Serikali ilipofungua idara ya mifugo 1884, ukubwa ukamwangukia. Chini yake kulikuwa na kijana, Theobald Smith, aliyekuwa ametoka tu kusomea udaktari wa binadamu. Smith ndiye aliyekesha na darubini. Mwaka wa 1885 akapata bakteria ndani ya nguruwe waliokuwa wakifa kwa homa. Ripoti ikatoka, jina la bosi likatangulia. Mnamo 1900 Mfaransa Joseph Lignières akaita bakteria hao Salmonella. Waliowahi kufanya uanagenzi ofisini wanaujua mchezo huu.

Tena kuna kichekesho: baadaye iligunduliwa kwamba homa ile ya nguruwe huletwa na virusi, si bakteria hao! Lakini kazi haikupotea. Mwaka wa 1886 wawili hao walionyesha kuwa njiwa akidungwa bakteria waliouawa kwa joto, hupata kinga.

Kinga ndiyo shida ya mtoto wa farasi. Huzaliwa bila kinga ya maana, hivyo lazima anyonye maziwa ya kwanza ya mamake ndani ya saa chache. Naye ana tabia ya kuonja kinyesi cha mama, ambaye anaweza kuonekana mzima kabisa huku akitoa Salmonella. Joto la mwili hupanda, anaanza kuhara, maji yanamwishia mwilini. Bakteria wakipenya kwenye damu, hukita kwenye viungo na miguu huvimba. Daktari humtenga, humwekea maji kwa mshipa na kuwaonya wahudumu wanawe mikono, maana hata wao wanaweza kuambukizwa.

Salmon aliacha kazi ya serikali 1905, akaenda Montevideo, Uruguay, kuongoza masomo ya tiba ya mifugo. Alifariki 1914 mjini Butte, Montana, kwa nimonia.

Smith aliishi hadi 1934. Mnamo 1893 alieleza bakteria wanaofanya farasi majike waharibu mimba. Nao pia, siku hizi, huitwa Salmonella.