Padre Mersenne na Namba Zisizogawika

Leo sileti mtakatifu wa kalenda. Naleta padre mtawa wa Ufaransa ambaye wanahesabu wa dunia nzima hawaachi kumtaja: Marin Mersenne.

Alizaliwa Oizé tarehe 8 Septemba 1588, sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria. Alisoma kwa Wajesuiti, La Flèche, na mwaka 1611 akajiunga na Waminimu, shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola. Hawa wana nadhiri ya nne: hawali nyama, mayai wala maziwa. Sisi wa Bariadi tuliozoea maziwa mgando, hapo tu tungeshafunga mizigo!

Chumba chake cha utawa mjini Paris kilikuwa kama posta ya wasomi. Aliandikiana na Descartes, Fermat na Galileo, na barua ya huyu akampelekea yule. Descartes na Fermat walipogombana, aliyekaa katikati ni yeye. Mwaka 1633 Galileo alihukumiwa na mahakama ya Kanisa. Mwaka uliofuata Mersenne akachapa kwa Kifaransa kazi ya Galileo ya mekanika, akabaki mtawa mtiifu. Wanaotuambia shuleni kwamba sayansi na altare haviivi chungu kimoja, wamsome huyu.

Sasa namba zenyewe. Namba tasa hugawika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Ukiwa na magunia 31 ya choroko, huwezi kuyapanga mafungu sawa, labda uyaache gunia moja moja. Zidisha mbili tano upate 32, toa 1: 31, tasa. Zidisha mbili saba, toa 1: 127, tasa tena. Unaona kama umeshapata kanuni, eti? Jaribu mbili kumi na moja. Inakuja 2047, ambayo ni 23 mara 89. Kipeo lazima kiwe tasa, lakini hiyo peke yake haitoshi.

Mwaka 1644 Mersenne alitoa orodha ya vipeo, hadi 257, vinavyozaa namba tasa. Mashine hakuwa nayo, na alikiri kwamba kupima namba ya tarakimu 15 au 20 muda wote wa dunia usingetosha. Akathubutu hivyo hivyo. Aliweka 67 na 257, kumbe hazizai namba tasa. Akaziacha 61, 89 na 107, kumbe zinazaa namba tasa. Ila kwa 127 alipatia: mwaka 1876 Mfaransa Lucas alithibitisha namba hiyo ya tarakimu 39.

Yeye alikuwa ameshafariki zamani, tarehe 1 Septemba 1648, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 60, mikononi mwa rafiki yake Padre Gassendi. Aliagiza mwili wake upasuliwe, madaktari wajifunze.

Oktoba 2024 ikatangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi hapo: mbili kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320, na inaitwa namba ya Mersenne.