Hashimoto: Tabibu wa Kijijini Aliyemwona Adui wa Ndani

Katika nyanda za juu za Kericho na Bomet, rovu ni ugonjwa unaofahamika. Muulize mwanafunzi yeyote wa Kiptere chanzo chake, naye atajibu bila kusita kwamba ni upungufu wa madini ya ayodini. Ndiyo sababu sheria za Kenya zinataka chumvi ya mezani itiwe madini hayo. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Wapo watu ambao hawakukosa chumvi hiyo hata siku moja, na bado shingo zao zimevimba na nguvu zimewaishia. Aliyetangulia kuutambua ugonjwa wao ni Mjapani aitwaye Hakaru Hashimoto. Jina lake hutajwa hospitalini kote duniani, ilhali ni wachache wanaoyajua maisha yake.

Hashimoto alizaliwa tarehe 5 Mei, 1881, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Mie, ambao ni mojawapo ya mikoa mashuhuri kwa kilimo cha chai nchini Japani. Ukoo wake ulikuwa wa matabibu, naye akaifuata njia ya wazee wake. Alisomea udaktari mjini Fukuoka, katika chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kyushu, akahitimu mwaka 1907 miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa chuo hicho. Kisha akabaki hapo kujifunza upasuaji chini ya Profesa Hayari Miyake.

Ni katika miaka hiyo ambapo alivutiwa na tezi dundumio, yaani ile tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iliyoko mbele ya koo. Tezi hiyo hutengeneza homoni ya thairoksini, inayoongoza kasi ya shughuli za mwili mzima: joto, mapigo ya moyo, ukuaji na hata wepesi wa akili. Hashimoto alichukua tezi zilizokatwa kutoka kwa wanawake 4 wa makamo waliokuwa na rovu, akazichunguza kwa hadubini. Alichokiona hakikulingana na rovu alizozisoma vitabuni. Tezi zilikuwa zimejaa chembechembe nyeupe za damu, zile ambazo kwa kawaida hukusanyika mahali palipovamiwa na adui, na nyama ya tezi yenyewe ilikuwa imeharibika.

Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 31, alitoa makala kwa Kijerumani katika jarida la upasuaji lililochapishwa Berlin. Humo alieleza kwa makini kwamba huo ni ugonjwa wa peke yake, usiopaswa kuchanganywa na mingine. Wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani hawakukubaliana naye. Walidhani kwamba alichokiona ni hatua ya mwanzo tu ya ugonjwa mwingine wa tezi ambao tayari ulikuwa na jina.

Hashimoto alikwenda Ujerumani kuendelea na masomo, huko Göttingen, lakini vita vilivyozuka mwaka 1914 vikamkatiza safari ya elimu. Akarudi nyumbani, akafungua mlango wa tiba katika mji wa Iga, na huko akawahudumia watu wa kwao kwa miaka iliyosalia. Hakuwa profesa wala mkuu wa hospitali kubwa. Tarehe 9 Januari, 1934, aliaga dunia kwa homa ya matumbo, akiwa na umri wa miaka 52.

Haki yake ilichelewa, lakini haikupotea. Mwaka 1931 Allen Graham wa Cleveland, Marekani, alikuwa ameshasisitiza kwamba Mjapani yule alisema kweli. Mwaka 1956 ndipo fumbo lilipofumbuliwa. Mjini London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao waligundua kwamba damu ya wagonjwa wa Hashimoto ina kingamwili zinazoishambulia tezi ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka huohuo, huko Buffalo, Noel Rose na Ernest Witebsky walionyesha kwamba sungura anaweza kufanywa aishambulie tezi yake mwenyewe. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba kinga ya mwili haiwezi kumgeukia mwenyewe. Sasa ilidhihirika kwamba kikulacho ki nguoni mwako: askari waliowekwa kulinda boma ndio wanaolibomoa.

Tezi ikibomolewa, thairoksini hupungua. Mgonjwa huchoka bila kazi, husinzia, huhisi baridi wenzake wakiona joto, hunenepa, ngozi hukauka na kumbukumbu hufifia. Mtoto huweza kudumaa. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, na mja mzito asiyetibiwa humhatarisha mtoto aliye tumboni.

Tiba ipo. Mwaka 1891 George Murray, wa Newcastle nchini Uingereza, alimdunga mama mmoja maji ya tezi ya kondoo, naye akapata nafuu na kuishi miaka 28 zaidi. Siku hizi homoni yenyewe hutengenezwa kiwandani, nayo ni kidonge cha levothairoksini kilichomo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Kidonge hicho hakivizuii vita vya kinga. Hurudisha kile ambacho tezi imeshindwa kukitoa. Kwa hiyo wagonjwa wengi hukimeza maisha yao yote. Humezwa kwa maji kabla ya kula, si kwa chai ya maziwa, kwani maziwa huizuia dawa isiingie mwilini ipasavyo. Anayeacha kwa sababu amepata nafuu huurudisha ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Na anayejiongezea ayodini akidhani kila rovu ni njaa ya madini hayo huweza kuuzidisha.

Sasa tuingie darasani. Msichana aliyekuwa hodari mwaka jana ameanza kusinzia, alama zimeshuka, sweta haimtoki hata jua la mchana likiwaka. Wepesi wetu ni kumwita mvivu, na pengine nyumbani atadhaniwa amerogwa. Mwalimu mwenye hekima humtazama shingo, humwuliza habari zake, kisha huwashauri wazazi wampeleke hospitali akapimwe damu. Kipimo hicho hakipatikani katika kila zahanati, na nauli ya kwenda Kericho au Bomet ni mzigo kwa mchuma chai. Hata hivyo, mzigo huo ni mwepesi kuliko miaka ya masomo iliyopotea bure.

Hashimoto hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na hadubini, vipande vya nyama kutoka kwa wanawake 4, na moyo wa kukataa jibu la mazoea pale macho yalipoona jingine. Mwanafunzi wa Kiptere anayesoma sayansi na aige moyo huo, na mwalimu wake auanze kwa kumtazama upya yule mtoto anayesinzia dawati la nyuma.