Luigi Broglio: Jenerali aliyeifanya bahari ya Ngomeni lango la anga za juu

KWA wakazi wa Eastlands jijini Nairobi, Uhuru ni jina la mtaa. Kwa wataalamu wa nyota kote duniani, Uhuru ni setilaiti iliyorushwa kutoka Ngomeni, karibu na Malindi, mnamo Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala.

Aliyeandaa lango hilo ni Luigi Broglio, aliyezaliwa Novemba 11, 1911 mjini Mestre, karibu na Venice. Alipanda cheo hadi kuwa jenerali katika Jeshi la Wanahewa la Italia, na akafundisha uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma.

Italia haikuwa na roketi ya kufikisha setilaiti angani. Broglio alitumia roketi za Marekani aina ya Scout, kisha akachagua Pwani ya Kenya. Karibu na Ikweta, dunia hujizungusha kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure, na mabaki yake huangukia baharini.

Majukwaa mawili yalisimamishwa baharini: San Marco la kurushia roketi, na Santa Rita la kuongozea shughuli. Waliofanya kazi humo walihitaji umeme, mawasiliano na mahitaji yote kutoka nchi kavu. Masuala hayo hayo, kwa ukali zaidi, huwakabili wanaobuni kituo cha kuishi watu karibu na Mwezi, kazi ambayo wahandisi wa Torino nchini Italia wameshiriki.

Aprili 26, 1967, San Marco 2 iliruka kutoka Ngomeni. Miaka mitatu baadaye ikafuata Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei kutoka angani. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Broglio hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki Januari 14, 2001, miaka 13 baada ya setilaiti ya mwisho kurushwa Ngomeni. Kituo hicho sasa kina jina lake.

Hata hivyo, kwa miongo mingi Kenya ilitoa bahari na jina, huku setilaiti zikiwa za wageni. Hali ilibadilika Mei 11, 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na La Sapienza, ilipoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Chuo alichofundisha jenerali huyo kilikuwa kimeanza kurejesha fadhila, na safari hii Kenya haikuwa mwenyeji tu.