NIKOLAI VAVILOV: MLINZI WA MBEGU ALIYEKUFA KWA NJAA

Wanachama wenzangu, je, umewahi kuamka asubuhi ya baridi kali kule Kinangop ukakuta miche ya viazi imeungua shambani? Kama ndiyo, basi kisa cha mtu huyu hakitakuwa kigeni kwako.

Nikolai Vavilov alizaliwa mjini Moscow, Urusi, mwaka wa 1887. Nchi yake ilijua njaa. Mwaka wa 1891 watu wengi walikufa, na mwaka wa 1921 njaa ikarudi tena. Kijana huyo akasomea kilimo, akaazimia kutafuta mimea itakayostahimili ukame, magonjwa na baridi.

Kwa nini baridi? Katika Baiolojia tumefunzwa kuwa jani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na kaboni dioksaidi. Huo ndio usanisinuru. Baridi ikizidi, vimeng'enya vya jani huzembea na chakula kikapungua. Jua nalo haliachi kuwaka. Mwanga unaokosa kazi hulidhuru jani, likapauka. Mmea mkubwa huenda ukavumilia, lakini mche mchanga hauna akiba, basi hudumaa au hufa.

Vavilov aliona kwamba dawa imo ndani ya mbegu zenyewe, maana kuna aina zinazoivumilia baridi kuliko nyingine. Basi akafunga safari. Mwaka wa 1916 alifika milima ya Pamir, mwaka wa 1924 Afghanistan, na mwaka wa 1927 akaja hadi kwa jirani zetu Ethiopia kukusanya ngano na shayiri. Yeye na wenzake waliweka mjini Leningrad zaidi ya aina 200,000 za mbegu na mimea.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mtaalamu mmoja, Trofim Lysenko, alilowesha mbegu za ngano na kuzitia kwenye baridi ili zichanue mapema. Hilo linawezekana kweli. Kosa lake ni kudai eti badiliko hilo litarithiwa na vizazi vya mimea. Stalin alimpenda Lysenko. Vavilov alikataa kusema uongo ili apendwe, na mwaka wa 1940 akakamatwa. Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa kuwa miaka 20 gerezani. Tarehe 26 Januari 1943 alifariki katika gereza la Saratov, mwili umekongoroka kwa njaa. Hebu fikiria, mtu aliyezunguka dunia ili wengine wale!

Wakati huo huo majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameuzingira mji wa Leningrad kwa siku 872. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, lakini wafanyakazi wa Vavilov walikuwa nayo. Mtunzaji wa mpunga alikufa kwa njaa huku magunia ya mpunga yakiwa kando yake. Wenzake kadhaa walikufa vivyo hivyo, na mbegu hawakuzila.

Mwaka wa 1955 serikali ilimwondolea Vavilov hatia, na tangu mwaka wa 1967 taasisi ile inaitwa kwa jina lake.

Wenzangu, katika mtihani na hata maishani, jibu linalompendeza mkubwa si lazima liwe sahihi. Vavilov alichagua lililo sahihi. Sisi je?