CHARLES DARWIN NA AMRI ITOKAYO NCHANI

Jina la Charles Darwin limejulikana duniani kwa ajili ya kitabu chake juu ya asili ya viumbe, kilichotolewa mwaka 1859 na kuzusha mabishano yasiyokwisha hata leo. Ni wachache wajuao kwamba bwana huyo, katika uzee wake, alijishughulisha kwa miaka na swali ambalo kwa macho ya wengi lilikuwa dogo mno: kwa nini mmea uliowekwa karibu na dirisha huinama kuufuata mwanga? Swali hilo ndilo lililofungua mlango wa elimu ya homoni za mimea.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza. Baba yake alikuwa tabibu mwenye mali, naye alitaka mwanawe aifuate kazi hiyo. Kijana akapelekwa Edinburgh kusoma utabibu, lakini hakustahimili kutazama wagonjwa wakipasuliwa, maana siku hizo dawa ya usingizi ilikuwa bado kupatikana. Akahamishiwa Cambridge ili awe kasisi. Huko alipendelea zaidi kukusanya mbawakawa na kufuatana na John Henslow, mwalimu wa elimu ya mimea. Henslow ndiye aliyempendekeza kwa safari ya Beagle, merikebu ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza iliyotumwa kupima pwani za Amerika ya Kusini. Iling'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831, ikarejea Oktoba 1836. Darwin hakuwa askari, lakini kwa muda wa karibu miaka mitano alikula meza moja na nahodha wake, Robert FitzRoy, akiandika siku kwa siku yale aliyoyaona.

Mwaka 1839 alimwoa Emma Wedgwood, na mwaka 1842 wakahamia kijiji cha Downe, katika jimbo la Kent. Toka hapo hakusafiri tena nje ya Uingereza. Alisumbuliwa na maradhi ya tumbo, kutapika na uchovu, na waganga hawakuitambua asili yake. Katika watoto kumi, watatu walifariki wangali wadogo. Mmoja wa waliokua, Leonard, alikuwa ofisa katika kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Uingereza, akafikia cheo cha meja. Mwingine, Francis, alifiwa na mkewe mwaka 1876 baada tu ya kujifungua; akarudi kwa wazazi wake na kitoto kichanga, akawa msaidizi wa baba yake. Bila ya msiba huo huenda kazi tunayoisimulia isingalikamilika.

Vyombo vyao vilikuwa duni. Walibandika uzi mwembamba wa kioo juu ya mche kwa tone la lakiri, wakatia vitone vya wino juu ya bamba la kioo kila mche uliposogea, kisha wakaunganisha vitone kwa mistari. Kwa njia hiyo waliona kwamba mmea, ambao sisi hudhani umetulia, huzunguka polepole mchana na usiku.

Jaribio kubwa lilifanywa kwa nyasi ambazo mbegu zake hulishwa ndege wa kanari. Nyasi hizo zichipuapo, jani la kwanza huwa limefunikwa na ala nyembamba. Miche iliyooteshwa gizani ikawekewa mwanga upande mmoja, nayo ikainama. Darwin na mwanawe wakaivika mingine vikofia vya bati jembamba au vya kioo kilichopakwa rangi nyeusi, vikifunika ncha peke yake. Miche hiyo ilisimama wima, ingawa sehemu ya chini iliyo wazi ilipigwa na mwanga. Mingine ikafukiwa kwa mchanga mweusi hata ikabaki ncha tu. Hiyo, sehemu yake ya chini iliinama ijapokuwa imo gizani. Kwa hiyo ncha ndiyo ionayo mwanga, lakini mahali painamapo ni chini yake. Askari msomaji atalielewa jambo hili upesi: mlinzi wa mbele ameona, na kikosi kilicho nyuma kimegeuka, basi hapana budi kuna habari iliyopelekwa. Darwin hakujua habari hiyo ni kitu gani, wala hakujidai kujua. Aliandika tu kwamba kuna athari fulani ishukayo kutoka nchani. Kitabu kilitoka mwaka 1880.

Aliyekipinga kwa ukali alikuwa Julius Sachs wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu aliyeheshimiwa kuliko wote katika elimu hiyo. Francis mwenyewe alikuwa amesoma katika maabara yake. Sachs aliyadharau majaribio hayo kuwa ni kazi ya watu wasio na ujuzi, yaliyofanywa katika nyumba ya shamba. Cha ajabu ni kwamba Sachs naye alikwisha kufundisha kuwa majani hutengeneza vitu vinavyouamuru mmea utoe maua. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli.

Darwin hakuishi kuuona mwisho wa shauri. Alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa Westminster Abbey.

Mwaka 1926 kijana wa Kiholanzi, Frits Went, aliyekuwa akitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria na kufanya majaribio yake usiku, alizikata ncha za miche akaziweka juu ya vipande vya agari. Agari hiyo peke yake, ilipowekwa upande mmoja wa mche uliokatwa ncha, iliufanya uiname. Kumbe ile habari ni kemikali; ikaitwa oksini. Hukimbilia upande wa kivuli, seli za upande huo hurefuka zaidi, na shina huelemea mwangani. Habari ya maua ilichelewa: Mikhail Chailakhyan wa Urusi aliipa jina la florijeni mwaka 1937, na mwaka 2007 ndipo wataalamu wa Ujerumani na Japani walipoonyesha kuwa ni protini itokayo majanini.

Wataalamu walipojifunza kutengeneza vitu vinavyofanana na oksini, waliona kuwa kidogo hukuza na kingi huua, kwa kuwa mmea hukua ovyo mpaka unakufa. Wakulima wakapata dawa ya magugu isiyodhuru mahindi wala miwa. Majeshi nayo yakaichukua. Baina ya 1962 na 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza Vietnam zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea, nyingi zikiwa na sumu ya dioksini ndani yake. Misitu na mashamba yaliteketea, wanakijiji wakaugua, na baadhi ya askari walioibeba mapipa hayo wakaugua pia. Ilikuwa mwaka 1991 ndipo Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuwalipa wastaafu wake kwa maradhi yaliyohusishwa na dawa hiyo.